Vita na ghasia za makundi katika Nyanda za Juu za Kusini

Vita na ghasia za makundi katika Nyanda za Juu za Kusini ni mada ya historia na sosiolojia (elimujamii). Inachunguza jinsi wakazi wa kusini-magharibi mwa Tanzania, hasa katika mikoa ya Iringa na Mbeya pamoja na mikoa ya Njombe na Songwe iliyomegwa kutoka kwao, walivyoingia katika mapigano ya pamoja kuanzia karne ya 19 hadi leo.

Ghasia za makundi ni matendo ya kuua, kuumiza au kuharibu mali yanayofanywa na watu wengi kwa pamoja. Vita ni aina ya ghasia hizo iliyopangwa zaidi: ina viongozi, wapiganaji waliofunzwa, akiba ya chakula na silaha, na lengo la kisiasa.

Eneo hili lina mifano ya karibu kila aina: dola iliyojengwa kwa vita, uvamizi wa kikoloni, vita vya msituni, Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, mapambano ya raia na polisi, na umati unaomuua mtuhumiwa barabarani. Mifano hiyo ikilinganishwa, inaonekana kwamba watu hawapigani kwa sababu tu wana hasira, wala kwa sababu kabila lao limezaliwa na moyo wa vita. Ghasia hutengenezwa na watu, na kwa hiyo zinaweza pia kuzuiwa na watu.

Maana na nadharia

Wataalamu wa kwanza walioandika juu ya umati waliutazama kama mnyama. Mfaransa Gustave Le Bon, katika kitabu chake cha mwaka 1895, alidai kwamba mtu akiingia katika umati hupoteza akili yake na kufuata hisia za wengine. Maelezo hayo yalipendwa na watawala wengi, kwa sababu yalifanya kila maandamano yaonekane kuwa wazimu. Watafiti wa baadaye waliyapinga. Walionyesha kwamba hata katika ghasia kubwa watu wengi husimama na kutazama, wachache ndio hutenda, na wale wanaotenda huwa na shabaha wanayoichagua.

Mwanasosiolojia Mjerumani Max Weber, katika mhadhara uliochapishwa mwaka 1919, alieleza dola kuwa ni chombo kinachodai kwa mafanikio haki ya peke yake ya kutumia nguvu halali ndani ya mipaka yake. Maana yake ni kwamba raia akimpiga mwizi anatenda kosa, lakini askari akimkamata anatimiza wajibu. Dola isipoaminika, watu huanza kuirudisha nguvu hiyo mikononi mwao.

Mmarekani Charles Tilly alionyesha kwa historia ya Ulaya kwamba vita na dola vilijengana. Mtawala aliyetaka kupigana alihitaji kodi, kodi ilihitaji watumishi na hesabu, na watumishi hao ndio wakawa serikali. Randall Collins, katika kitabu cha mwaka 2008, aliongeza kwamba binadamu akiwa uso kwa uso na mwenzake huona woga na wasiwasi kuliko ukali. Ili ampige ni lazima woga huo uvukwe, kwa mfano kwa kuwa wengi dhidi ya mmoja, au kwa kusukumwa na watazamaji. Siniša Malešević, katika kitabu cha mwaka 2010, alitaja mambo matatu yanayowezesha vita vya siku hizi: mpangilio wa taasisi, itikadi inayohalalisha, na mshikamano wa vikundi vidogo vya watu wanaojuana.

Watanzania wanayajua mambo hayo kwa maneno mengine. Mwalimu Julius Nyerere, alipotangaza vita dhidi ya Idi Amin wa Uganda mwaka 1978, alitaja uwezo, sababu na nia. Sosiolojia ya vita huuliza swali linalofuata: uwezo, sababu na nia hupatikana wapi, na nani huvitengeneza?

Dola za kivita za karne ya 19

Kabla ya katikati ya karne ya 19 sehemu kubwa ya nyanda hizi ilikuwa na watemi wadogo wengi wasio na mkuu mmoja. Mabadiliko yalianzia Usangu, kwenye mbuga za mto Ruaha Mkuu. Wasangu, chini ya watawala waliojulikana kwa jina la Merere, waliunda jeshi lenye nidhamu na kuteka mifugo na watu wa majirani. Wangoni waliotoka kusini mwa Afrika walileta pia mbinu za kupigana kwa vikosi. Biashara ya misafara iliyokwenda pwani ilifanya pembe za ndovu na watumwa viwe na bei, hivyo uvamizi ukawa njia ya utajiri.

Wahehe walijifunza kutoka kwa maadui zao. Munyigumba, wa ukoo wa Muyinga, aliunganisha watemi wengi kwa vita na kwa ndoa, akafa mwishoni mwa miaka ya 1870. Baada ya kifo chake mkwewe Mwambambe aligombea utawala, lakini alishindwa na Mkwavinyika, mwana wa Munyigumba, anayejulikana zaidi kama Mkwawa. Wahehe walipigana pia na Wangoni bila upande mmoja kuushinda mwingine kabisa, na hatimaye pande zote mbili zikaacha vita.

Uwezo wa dola hiyo ulitokana na mpangilio. Mtwa, yaani mtawala mkuu, aliweka wawakilishi wake walioitwa wanzagila katika kila sehemu. Kazi yao ilikuwa kuamua kesi, kukusanya mazao na kuleta wapiganaji walipoitwa. Vijana walipelekwa makao makuu Kalenga, wakafunzwa na kukaa pamoja. Hapo ndipo mtu wa bonde moja alipojifunza kumwita mtu wa bonde lingine mwenzake. Hata jina la Wahehe, kwa maelezo yanayotajwa mara nyingi, limetokana na ukelele wa vita. Hivyo kabila halikuwapo kwanza kisha likapigana; kwa kiasi kikubwa lilipatikana katika kupigana.

Upande wa magharibi, Merere alisukumwa na Wahehe hadi Usafwa, akajenga ngome ya mawe Utengule, karibu na Mbalizi ya leo katika Mkoa wa Mbeya. Kusini zaidi, katika nchi ya Rungwe, Wanyakyusa walikuwa na mfumo tofauti. Mwanaanthropolojia Monica Wilson alieleza mwaka 1951 jinsi vijana wa rika moja walivyojenga kijiji chao wenyewe na kuishi humo hadi uzee. Wanyakyusa hawakuwa na mfalme mmoja kama Wahehe, lakini mshikamano wa rika uliwapa watu wa kuaminiana siku ya kujilinda.

Vita vya Wahehe dhidi ya Wajerumani (1891–1898)

Wajerumani walipoanza kutawala pwani waliikuta dola ya Mkwawa ikidhibiti njia za misafara ya bara. Mwaka 1891 kamanda Emil von Zelewski, aliyeitwa Nyundo na watu wa pwani, aliongoza kikosi kwenda Uhehe kikiwa na bunduki, mizinga na bunduki za rashasha. Tarehe 17 Agosti 1891, huko Lugalo, mashariki mwa mji wa sasa wa Iringa, Wahehe waliojificha katika mawe na vichaka walikishambulia kikosi hicho kikiwa katika mwendo. Mapigano yalikuwa mafupi. Zelewski aliuawa pamoja na Wazungu wengine na sehemu kubwa ya askari wake, na Wahehe waliteka mamia ya bunduki.

Ushindi wa Lugalo mara nyingi husimuliwa kuwa wa mikuki dhidi ya mizinga. Kwa macho ya sosiolojia ulikuwa ushindi wa mpangilio. Wapelelezi walijua njia ya adui, wapiganaji walinyamaza hadi wakati uliokubaliwa, na mashambulizi yalifanywa karibu mno kiasi kwamba silaha za mbali hazikuwa na faida.

Ni vizuri pia kukumbuka ni nani waliokufa upande wa pili. Askari wengi wa jeshi la Kijerumani walikuwa Waafrika: Wasudani walioajiriwa Misri, Washangaan kutoka Msumbiji na watu wa pwani. Pamoja nao walikuwapo wapagazi. Ukoloni haukuwa na askari Wazungu wa kutosha kuiteka nchi; ulinunua na kupanga nguvu za Waafrika.

Tarehe 30 Oktoba 1894 gavana Friedrich von Schele aliivunja ngome ya Kalenga kwa mizinga. Mkwawa alitoroka, na vita vikageuka kuwa vya msituni. Mwaka 1896 Tom von Prince alijenga kituo cha kijeshi mahali ulipo mji wa Iringa. Jina hilo limetokana na neno la Kihehe lilinga, maana yake ngome. Mwezi Desemba 1896 Wajerumani walimsimika Mpangile, ndugu wa Mkwawa, kuwa mtawala. Miezi miwili baadaye, Februari 1897, walimnyonga wakimshuku kumsaidia ndugu yake.

Hatua iliyofuata ililenga wanavijiji. Mifugo na vyakula vilichukuliwa, mashamba yaliharibiwa, na familia zilizoshukiwa kumficha mtawala ziliadhibiwa. Zawadi ya rupia 5,000 ilitangazwa kwa atakayeleta kichwa chake. Polepole uwezo wa dola ya Wahehe ulikatwa kwenye mizizi yake, yaani chakula, habari na kuaminiana. Tarehe 19 Julai 1898 Mkwawa, akiwa karibu kukamatwa, alijiua kwa bunduki huko Mlambalasi.

Kichwa chake kilikatwa na kupelekwa Ujerumani. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, ibara ya 246, uliitaka Ujerumani iikabidhi serikali ya Uingereza fuvu hilo. Lilirudishwa mwaka 1954 na gavana Edward Twining, aliyelipata katika jumba la makumbusho la Bremen, na sasa linahifadhiwa Kalenga. Aliyelipokea kwa niaba ya Wahehe alikuwa Chifu Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wa mtawala huyo, ambaye baadaye alikuwa Spika wa Bunge la Tanzania. Hivyo masalia ya vita yalibadilishwa maana: kwa Wajerumani yalikuwa alama ya ushindi, kwa Waingereza njia ya kutafuta urafiki wa wenyeji, na kwa Watanzania kumbukumbu ya upinzani dhidi ya ukoloni.

Vita vya Maji Maji

Miaka saba baada ya kifo cha Mkwawa, mwezi Julai 1905, vita vya Maji Maji vilianza katika vilima vya Umatumbi. Mafundisho ya Kinjekitile Ngwale wa Ngarambe kuhusu maji ya kumkinga mpiganaji na risasi yaliwaunganisha watu wasiokuwa na mtawala mmoja. Kwa lugha ya sosiolojia, imani ilifanya kazi ambayo kwa Wahehe ilifanywa na dola: iliwapa watu wa makabila mbalimbali sababu ya pamoja na ujasiri wa kuvuka woga.

Katika Nyanda za Juu za Kusini vita hivyo viliwagawa watu. Sehemu ya Wabena walijiunga na waasi, na mwezi Septemba 1905 waliishambulia misheni ya Kilutheri ya Yakobi, karibu na Njombe. Wahehe, ambao wangetazamiwa kuwa wa kwanza kuasi, hawakuasi. Wapiganaji wa Kihehe na Kisangu walitumiwa na Wajerumani kama wasaidizi, na kapteni Ernst Nigmann wa Iringa alitoka na kikosi kwenda kuokoa boma la Mahenge.

Jambo hilo linapinga wazo la kabila lenye asili ya vita. Watu walewale waliopigana kwa miaka saba walikaa upande wa serikali kwa sababu hali yao ilikuwa imebadilika. Walikuwa wamekwisha kuonja njaa ya vita vya msituni, mpangilio wao wa kijeshi ulikuwa umevunjwa, na baadhi ya viongozi waliobaki walipata nafasi yao ndani ya utawala mpya.

Maji Maji viliisha mwaka 1907. Wajerumani walirudia mbinu ya kuchoma vijiji na vyakula, na wengi waliokufa waliuawa na njaa kuliko risasi. Taarifa za Kijerumani zilitaja watu 75,000. Mwanahistoria Gilbert Gwassa alikadiria kati ya 250,000 na 300,000.

Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia

Mwezi Mei 1916 majeshi ya Uingereza chini ya Edward Northey yalivuka mpaka kutoka Nyasaland (Malawi) na Rhodesia ya Kaskazini (Zambia). Yaliteka Neu Langenburg, yaani Tukuyu, yakapigana Malangali mwezi Julai, na kuingia Iringa mwishoni mwa Agosti. Miezi michache baadaye kikosi cha Kijerumani kilichotoka Tabora chini ya Kurt Wahle kilipita katika eneo hilohilo, kukawa na mapigano Ngominyi, Lupembe na karibu na mji wa Iringa. Mwaka 1918 Paul von Lettow-Vorbeck alirudi kutoka Msumbiji akapitia Ubena, kisha akaingia Rhodesia ya Kaskazini. Alisalimisha silaha Abercorn, ambao ni mji wa Mbala wa leo, tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya vita kwisha Ulaya.

Kwa wenyeji vita hivyo havikuwa na sababu yao wala nia yao. Walichotakiwa kutoa ni uwezo: migongo, ng'ombe na nafaka. Pande zote mbili zilikusanya wapagazi kwa nguvu, kwa kuwa malori hayakufaa katika njia nyingi na mbung'o waliua wanyama wa mizigo. Waingereza peke yao walitumia karibu wapagazi milioni moja katika Afrika ya Mashariki, na wanahistoria hukadiria kwamba zaidi ya 100,000 kati yao walikufa, wengi kwa kuhara, malaria na uchovu. Jina la Kariakoo jijini Dar es Salaam ni kumbukumbu ya kikosi hicho cha wapagazi. Baada ya vita zilifuata njaa na homa kali ya mafua ya mwaka 1918 na 1919.

Hapa ndipo vita vya siku hizi vinapotofautiana na vya kale. Mpiganaji wa Lugalo alimjua aliyemtuma na alijua anacholinda. Mpagazi wa mwaka 1917 alibebeshwa mzigo na serikali ambayo makao yake hakuyajua, kwa ajili ya ugomvi wa wafalme wa Ulaya. Taasisi kubwa zinaweza kuwafanya watu wengi washiriki katika kuua bila chuki yoyote kati yao.

Vita vya Kagera na jeshi la taifa

Baada ya uhuru Tanzania ilijenga upya uhusiano wa raia na silaha. Jeshi la Kujenga Taifa lilianzishwa mwaka 1963, na kambi zake, kama Mafinga katika Mkoa wa Iringa na Itende katika Mkoa wa Mbeya, ziliwakutanisha vijana wa makabila yote. Kazi zake kwa kiasi fulani zinafanana na zile za Kalenga ya zamani, yaani kuwaishisha pamoja vijana wa mahali mbalimbali hadi wajione wamoja. Tofauti ni kwamba umoja uliokusudiwa sasa ni wa taifa.

Majeshi ya Amin yalipovamia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, jeshi liliongezwa haraka kwa kuwaita wanamgambo na vijana waliopata mafunzo. Kampala ilitekwa tarehe 11 Aprili 1979. Vita hivyo vinaonyesha hali ambayo uwezo, sababu na nia vilikutana: nchi ilivamiwa, serikali iliaminika, na taasisi za kuwakusanya watu zilikuwapo.

Ghasia za umati katika zama za sasa

Tangu miaka ya 1980 sura ya ghasia iliyo karibu zaidi na raia wa kawaida ni ile ya kujichukulia sheria mkononi. Magazeti hutumia maneno "wananchi wenye hasira kali". Mtu hupigiwa kelele za mwizi sokoni, stendi au mtaani, watu hukusanyika, hupigwa kwa mawe na fimbo, na pengine huchomwa moto kwa tairi na petroli. Ushirikina nao umekuwa chanzo, na wazee, hasa wanawake wajane, ndio hushukiwa kwanza.

Maneno "hasira kali" yanaficha mambo manne ambayo huonekana mara kwa mara katika matukio ya aina hii:

1. Idadi. Wengi dhidi ya mmoja asiye na silaha huondoa woga ambao Collins aliueleza.
2. Mgawanyo wa kazi. Mmoja hupiga yowe, wachache hupiga, mwingine huleta petroli, wengi hutazama. Kila mmoja hujiona kuwa amefanya kidogo tu.
3. Uhalalisho. Husemwa kwamba akipelekwa polisi, kesho ataonekana mtaani. Huo ni msemo wa watu wasioamini vyombo vya sheria.
4. Ukimya. Baadaye hakuna shahidi. Ukimya huo ni makubaliano ya jamii, nao hufanya tukio la pili kuwa rahisi kuliko la kwanza.

Katika hali hiyo si rahisi kujua kama aliyeuawa alikuwa na hatia. Anaweza kuwa amefananishwa na mwingine, au amesingiziwa na mtu mwenye deni au ugomvi wa shamba. Umati hauna mahali pa kukata rufaa.

Sheria za Tanzania ziko wazi. Katiba, ibara ya 13(6), inakataza mtu aliyeshtakiwa kutendewa kama mwenye kosa kabla halijathibitika, na ibara ya 14 inalinda haki ya kuishi. Raia anaruhusiwa kumkamata mtu anayetenda kosa fulani mbele yake, lakini ni lazima amkabidhi polisi bila kuchelewa. Chini ya Kanuni ya Adhabu, walioua kwa nia ya pamoja huhesabiwa kila mmoja kuwa ametenda kosa, hata kama pigo la mwisho lilitoka kwa mmoja.

Ghasia kati ya raia na vyombo vya dola zina sura nyingine. Mwezi Novemba 2011, katika jiji la Mbeya, wafanyabiashara wadogo wa eneo la Mwanjelwa walipambana na polisi kufuatia zoezi la kuwaondoa barabarani. Barabara zilifungwa kwa mawe na matairi, na watu walijeruhiwa. Chanzo hakikuwa wazimu wa umati bali riziki: mahali pa kupanga bidhaa.

Tarehe 2 Septemba 2012 mwandishi wa habari Daudi Mwangosi, mwenyekiti wa klabu ya waandishi wa habari ya Mkoa wa Iringa, aliuawa Nyololo, wilaya ya Mufindi, wakati polisi walipokuwa wakitawanya wafuasi wa chama cha upinzani. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilimtia askari mmoja hatiani kwa kuua bila kukusudia na kumfunga miaka 15. Tukio hilo linakumbusha kwamba haki ya dola kutumia nguvu ina mipaka. Askari wakiwa wengi kumzunguka mtu mmoja, mambo manne yaliyotajwa juu yanaweza kutokea hata kwa watu waliovaa sare.

Ulinganisho na nchi jirani

Mauaji ya kimbari ya Rwanda ya mwaka 1994 ndiyo mfano mkubwa zaidi wa ghasia za makundi katika eneo la Maziwa Makuu. Kwa takriban siku 100 mamia ya maelfu ya watu, wengi wao Watutsi, waliuawa. Kwa mbali yalionekana kama chuki ya kale iliyolipuka. Uchunguzi na kesi za mahakama ya kimataifa iliyokuwa Arusha zilionyesha vizuizi vya barabarani, matangazo ya redio na maafisa wa tarafa waliotoa amri. Mtafiti Scott Straus, aliyewahoji wafungwa waliokiri kuua, aliona kwamba woga na shinikizo la majirani vilikuwa na nguvu kuliko chuki ya muda mrefu.

Nchini Kenya, ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 ziliua zaidi ya watu 1,100. Tume iliyoongozwa na Jaji Philip Waki iliona kwamba baadhi ya ghasia zilizuka ghafla, lakini nyingine zilipangwa na kugharimiwa.

Njia za kuzuia

Jamii za Nyanda za Juu za Kusini zina njia zao za kupoza uadui. Iliyo maarufu ni utani. R. E. Moreau, aliyechunguza utani wa makabila ya Tanganyika mwaka 1944, aliuhusisha mara nyingi na vita vya zamani. Makabila yaliyopigana yaligeuka kuwa watani. Wahehe na Wangoni hutaniana hivyo. Mtani anaweza kukutukana msibani na kuchukua kitu chako, nawe huruhusiwi kukasirika. Ugomvi wa mababu unakumbukwa kila siku, lakini kwa kicheko.

Kwa upande wa serikali, ulinzi shirikishi na polisi jamii vinalenga kuwapa raia sehemu halali katika ulinzi. Njia hizo zina hatari yake: kikundi cha ulinzi kisichosimamiwa huweza kuwa umati wenye vyeti. Sungusungu, walioanzia Usukuma na Unyamwezi mwanzoni mwa miaka ya 1980, walisifiwa kwa kupunguza wizi wa ng'ombe na kulaumiwa kwa mateso waliyowapa watuhumiwa.

Kwa kuwa ghasia hutegemea hatua nyingi ndogo, kila hatua ni mahali pa kuzizuia. Mpiga yowe anaweza kusema "mkamateni" badala ya "muueni". Mwenyekiti wa mtaa anaweza kumfungia mtuhumiwa ofisini hadi polisi wafike. Mwenye duka anaweza kukataa kutoa petroli, na shahidi anaweza kusema alichokiona. Zaidi ya yote, kesi zinazosikilizwa kwa haki na kwa wakati huondoa ile sababu inayotajwa kila mara, yaani kwamba mwizi ataonekana tena mtaani kesho.